Dakika Arobaini na Tano

Élisabethville, Cité Albert
Tarehe 9 Januari 1954

Yaya Germaine,

Mwaka mpya umenikuta ofisini. Ofisi yetu ya ndege sasa ina mashine mpya ya kuandikia, na anayeigusa ni mimi peke yangu. Hata Bwana Stassart, mkubwa wetu, akitaka barua ananiita. Najua utasema ninajisifu. Lakini wewe dada yangu mkubwa ndiye uliyenibeba mgongoni tukienda misa, kwa hiyo una haki ya kujua yule uliyembeba amefika wapi.

Kampuni imeanza safari ya ndege ndogo kwenda kaskazini, kila Alhamisi ya pili. Inatoka hapa, inatua Manono, inatua Mitwaba, kisha inarudi. Ndiyo, Mitwaba kwetu, kwenye uwanja ule ambao Baba na wenzake waliulima kwa jembe. Jedwali la safari nimelipiga mimi. Nimekutumia nakala ya kaboni, msiichafue. Tazama mstari wa nne: Manono–Mitwaba, kilomita mia moja na hamsini, dakika arobaini na tano.

Dakika arobaini na tano, Yaya. Padri Mkuu hajamaliza hata mahubiri. Unakumbuka Mjomba Mukuka alivyokuja kutoka Manono kwa kipaimara changu, magoti yamevimba, soli za viatu zimebaki milimani? Hayo yamekwisha. Mwambie Mama kwamba mwanawe ndiye aliyezipiga zile siku zikawa dakika. Akitaka kumwona ndugu yake, aseme tu. Hapa ofisini neno langu halianguki chini.

Mke wangu Wivine anawasalimu nyote.

Mdogo wako, karani wa kwanza,
Alexis Kapya


Mitwaba, tarehe 4 Februari 1954

Alexis,

Nakala yako ilifika na alama ya tairi, maana mfuko wa posta ulianguka njiani. Baba ameibandika ukutani chini ya msalaba kwa uji wa muhogo, na mende wameanza kuila kutoka upande wa Élisabethville. Kila mgeni anasomewa mstari wa nne kabla hajapewa kiti. Sitakuficha, tumejivuna.

Mama peke yake ndiye ambaye hakucheka. Alimwambia Baba asome mara mbili, kisha akauliza: "Kama ni dakika arobaini na tano, juu ya nini siyaona ndugu yangu miaka kumi na moja?" Baba alijifanya anatafuta miwani.

Sasa nisikilize vizuri, maana sikuandikii kwa ajili ya mchezo. Mama anaumwa. Tumbo limejaa maji, miguu imevimba mpaka ngozi inang'aa. Infirmier, yule mwuguzi wa dispensari, alinivuta pembeni akasema tusidanganyane, labda wiki nne, labda tano. Padri amekwisha kuja. Anayemtaka sasa ni Mukuka. Ana neno la kumwambia, na hataki mtu mwingine alibebe, hata mimi ninayemsafisha.

Kamio la mwisho la mizigo liliondoka Jumatatu kwenda Manono kabla barabara haijafungwa kwa ajili ya mvua. Dereva amebeba habari. Mjomba akiipata atakuja kwa baiskeli, na akikaza mwendo ni siku saba. Ninakujulisha tu. Sikuombi ndege. Omba Mungu madaraja ya miti yasichukuliwe na maji, na uendelee kupiga mashine yako.

Yaya wako,
Germaine


TELEGRAMU
Élisabethville, 15 Februari 1954
MUKUKA MANONO
ACHA BAISKELI. NGOJA NDEGE ALHAMISI 25. KITI KIPO. ALEXIS


Manono, tarehe 16 Februari 1954

Mpwa wangu Alexis,

Barua hii ninaandikiwa na katekista, lakini maneno ni yangu, na nimemkataza kuyapamba.

Telegramu yako imenikuta jana nimekwisha kufunga baiskeli. Mkeka nyuma, unga, pampu, viraka vya mpira, na kitenge cha dada yangu Mutale ndani ya gazeti kisilowe. Mguu mmoja ulikuwa juu ya pedali. Mtu wa posta akanikimbilia na karatasi, watu wakakusanyika, ikasomwa. Nikafungua kamba.

Nakuambia wazi: moyo wangu ulitaka kwenda. Ile njia naijua, najua mto gani unavukwa asubuhi na mlima gani unasukumiwa baiskeli kutwa. Lakini kila mtu hapa aliniambia, mpwa wako anafanya kazi na ndege, wewe utakuwa mjinga gani wa kukimbizana na ndege kwa baiskeli? Damu ya dada yangu ikiniambia nisubiri, nitasubiri.

Leo nimekwenda uwanjani. Wamenipima kwenye mizani ya magunia. Kilo hamsini na nane. Karani amesema siwezi kuisumbua ndege. Nimeazima koti la mwenzangu wa kazi, kwa sababu Mutale hajaniona siku nyingi na sitaki anione kama mtu aliyeshindwa na maisha.

Kama neno lako ni la kweli, nitamshika mkono Alhamisi kabla ya jua kusimama. Kama lina shaka hata kidogo, niambie upesi. Baiskeli bado ina upepo.

Mjomba wako,
Mukuka


Élisabethville, tarehe 27 Februari 1954

Yaya Germaine,

Ninaandika kwa haraka. Alhamisi ndege haikuruka. Mvua ilinyesha tangu alfajiri na mawingu yalishuka mpaka juu ya mabati, rubani akakataa. Ndiyo sababu Mjomba hakufika. Ni kazi ya Mungu, hakuna mtu wa kulaumiwa.

Atapanda safari ijayo, tarehe 11 Machi. Jina lake nitalipiga mwenyewe, liwe la kwanza. Mwambie Mama avumilie hizo wiki mbili. Wivine amemfumia sweta, nitalituma.

Hakuna haja ya kwenda kuwauliza watu wa uwanjani. Hawajui mambo ya ofisi, watawachanganya tu.

Mdogo wako,
Alexis


Mitwaba, tarehe 1 Machi 1954

Alexis,

Mama amekufa. Juzi, Jumamosi, saa tisa za mchana. Jana tumemzika. Sasa kaa chini, maana nataka usome yote, na usiruke mstari.

Alhamisi, siku uliyotuahidi kwamba Mukuka atatua, aliamka kabla yetu. Alitaka aoge, asukwe nywele, avae kile kitambaa cha bluu. Nikamwambia atamngojea Mukuka kitandani. Akasema hapana, ndugu yake asitue kama barua isiyo na mwenyewe. Wanaume wanne wakambeba na kitanda chake, Baba akatangulia na kile kiti chetu chenye mgongo. Tukamkalisha pembeni ya uwanja tangu saa mbili. Nusu ya kijiji walikuja, wengine kumsindikiza, wengine kutazama ndege, kwa nini nifiche.

Ndege ilitua saa nne na dakika kumi. Jedwali lako halikudanganya.

Mlango ukafunguliwa. Akashuka rubani. Akashuka Bibi mmoja Mzungu mwenye kofia, mke wa yule Bwana mpya wa barabara. Kisha akashuka mbwa. Mkubwa, wa kahawia, na mkanda mwekundu shingoni. Alishuka ngazi bila haraka, akajinyoosha, akakojolea gurudumu. Watoto wakacheka. Mama aliendelea kutazama mlango.

"Pengine iko nyuma," akasema. "Mungoye."

Tukangoja. Wakatoa mifuko ya posta, wakatoa sanduku la chupa. Mimi nilisogea mpaka karibu na ngazi na hakuna aliyenifukuza. Nimeona kwa macho yangu, Alexis. Viti vitatu, pamoja na cha rubani. Kimoja kilikuwa kimetandikwa blanketi, na blanketi lilikuwa limejaa manyoya ya kahawia. Nikarudi.

"Ile ilishuka ni nini?" Mama akauliza.

Baba akasema, "Ni imbwa."

"Ilikaa pa kiti?"

Baba hakujibu. Nami sikujibu, na mpaka leo sijui kama kunyamaza kwetu kulikuwa huruma au woga. Rubani akafunga mlango. Ilipopita juu yetu Mama aliinamisha kichwa kwa sababu ya vumbi, akasema arudishwe nyumbani.

Jina la Mukuka hakulitaja tena. Ijumaa aliniambia nirudishie mlango, ambao alikuwa amekataza usifungwe wiki nzima. Nilimwambia, Mama, nipe mimi lile neno, nitamfikishia. Akanitazama, akasema, "Haikuwa ya kwako." Jumamosi akaenda nalo.

Tulichelewesha mazishi mpaka Jumapili jioni, kila mtu akitazama njia ya Manono. Joto halikuturuhusu zaidi. Unajua kwetu konzi ya kwanza ya udongo hutupwa na kaka wa marehemu. Imetupwa na mwalimu wa kwaya, kwa sababu ndiye aliyekuwa amesimama karibu.

Baba amekaa kwenye mkeka kando ya ukuta. Nadhani hata huko mjini hujasahau sheria yetu. Haogi, hanyoi, hampi mtu mkono, mpaka watu wa ukoo wa mke waje wamwogeshe na kumpaka unga. Na watu wa ukoo wa Mama ni Mukuka tu.

Sikukuomba ndege. Rudi uisome barua yangu ya Februari. Nilikuandikia, sikuombi ndege.

Germaine


Mitwaba, tarehe 7 Machi 1954

Alexis,

Barua yako ya tarehe 27 imefika jana. Kumbe ulikuwa unaiandika siku ile ile tuliyokuwa tunamfunga Mama taya.

Ndege haikuruka. Mawingu yalishuka juu ya mabati. Ni kazi ya Mungu.

Mungu umemsingizia, na hana posta ya kukujibu. Nitajibu mimi. Nimeisoma barua yako kwa sauti, mbele ya Baba, na mbele ya Mjomba Mukuka. Ndiyo, yuko hapa. Amefika Alhamisi kwa baiskeli, siku saba kamili, na kaburi lilikuwa na siku nne. Nilipofika pale uliposema tusiwaulize watu wa uwanjani, Baba alijifunika uso kwa shuka. Mjomba aliniomba nirudie huo mstari. Nikaurudia.

Atakuandikia mwenyewe. Mimi nimemaliza.

Germaine


Mitwaba, tarehe 8 Machi 1954

Alexis,

Leo anayeniandikia ni dada yako. Nimemwambia asiongeze kitu.

Alhamisi ile nilikuwa uwanjani Manono na koti la watu. Ndege ikatua. Nikapanga mstari nyuma ya Bibi mwenye mbwa. Karani akatazama karatasi, akanitazama, akaitazama tena. Ni mtu wa haki yule. Hakunifukuza. Alinigeuzia karatasi nione, kisha akanipa nakala, nami nimekuja nayo.

Jina langu lipo, mstari wa tatu. Mukuka, kilo 58. Limekatwa kwa wino, mstari mmoja ulionyooka. Juu yake imeandikwa: Mirza, mbwa, kilo 31. Na kando kuna herufi mbili ndogo, A na K.

Nikamuuliza hizo herufi ni za nani. Akasema ni sheria ya ofisi zote, mtu akikata jina ni lazima atie herufi zake kando, ili ijulikane ni nani aliyekata.

A ni Alexis, jina ulilopewa na padri. K ni Kapya. Kapya ni jina la babu yangu, na nilikupa mimi, siku ulipozaliwa, nikiwa nimekushika kwa mikono miwili mlangoni kwa dada yangu. Sikukupa jina hilo ulitumie kunikatia.

Sikupanda mlima ule kwa hasira. Hasira ilikuja baadaye. Ilikuja hapa, nilipohesabu. Telegramu yako ilinifikia tarehe 15. Kama ungeniacha, ningefika hapa tarehe 22. Mutale alikufa tarehe 27. Tungekuwa na siku tano. Umeninyang'anya siku tano ukanipa dakika arobaini na tano, na hata hizo ukampa mbwa.

Basi sikia uamuzi wangu. Baba yako ni mtu mwema, simlaumu, lakini sitamwogesha. Atakaa kwenye mkeka, nami nitakaa naye hapa. Siku wewe utakapoondoka Manono kwa baiskeli, ukafika mlangoni hapa kwa njia niliyokuja mimi, siku hiyo maji yatachemshwa. Usitume mbuzi. Usitume kitambaa. Usitume mtu.

Mukuka


Élisabethville, tarehe 20 Machi 1954

Mjomba Mukuka, Baba, na Yaya Germaine,

Sina salamu za kuwapa, na sistahili kupokea zenu.

Mmekwisha kujua kwamba nilidanganya. Hamjui kwamba nilianza mapema zaidi. Niliandika kwamba neno langu halianguki chini ofisini. Ofisini sina neno. Kiti cha Mjomba sikukiomba kwa mtu yeyote. Nilipiga tu jina lake kwenye orodha, katikati ya majina mengine, nikategemea kwamba Bwana Stassart hutia sahihi bila kusoma. Telegramu niliituma kwa sababu nilikwisha kujiona nimeweza.

Jumatano jioni, ndege ikiruka kesho yake, Bwana Stassart alikuja mezani kwangu. Hakunipiga, hakunitukana, na hilo ndilo linalonichoma. Alikuwa anatabasamu. "Alexis, mon vieux," akasema, kama anasema na rafiki, "Madame anakuya na imbwa yake. Nyuma pa mizigo inagonjwa. Futa huyu muntu ya tatu, atapanda siku ingine."

Huyu muntu ya tatu. Nilikuwa na sentensi tayari mdomoni: ni mjomba wangu, dada yake anakufa, dada yake ni mama yangu. Ningeisema, angeniuliza nani aliniruhusu kumweka. Nikafikiria meza yangu. Nikafikiria mashine. Nikakubali: "Oui, Monsieur." Nikachukua rula ili mstari unyooke. Kisha nikatia herufi zangu, kwa mwandiko mzuri kabisa, kama ninavyotia siku zote.

Namchukia yule Bwana. Namchukia yule Bibi ambaye sijamwona, na mbwa wake ambaye hana kosa. Lakini kila nikimaliza kuwachukia hao nakuta ile rula bado iko mkononi mwangu.

Juma lililopita nilimwambia Bwana Stassart yule mtu wa tatu alikuwa nani. Akavua miwani. Kweli alisikitika. Leo ameniita, amesema tarehe 8 Aprili kuna kiti, nipande mimi mpaka Mitwaba bila kulipa, nitakuwa karani wa kwanza mweusi kuruka katika safari hiyo. Likizo yangu ni siku tano tu, na akiniona nimezidisha, kazi imekwisha.

Mjomba, nauliza kwa kichwa kilichoinama. Nikija kwa ndege, nikapiga magoti, haitatosha?

Alexis


Mitwaba, tarehe 29 Machi 1954

Alexis,

Nimemsomea Mjomba. Alisikiliza mpaka mwisho, akatoka kwenda kutengeneza mpini wa jembe. Hilo ndilo jibu lake. La kwangu ni hili.

Njoo na ndege, kama unaweza. Nitakuwepo uwanjani. Sitakuja kukupokea, nitakuja kutazama umekalia kiti gani.

Ndevu za Baba zimefunika uso na ameanza kukohoa. Anakutetea, ujue. Kila siku anasema, mtoto ana kazi, mtoto ana mkubwa wake. Mimi simjibu. Ile nakala yako bado iko ukutani, hakuna aliyepata moyo wa kuibandua.

Germaine


Mitwaba, tarehe 11 Mei 1954

Wivine mke wangu,

Nimefika, na ni mzima. Usiwasikilize watakaokuambia nimerukwa na akili.

Ulinikatalia kwaheri pale stesheni, na ulikuwa na haki. Nitakueleza kwa ufupi. Treni mpaka Bukama, boti ya mto mpaka Muyumba, kamio mpaka Manono. Mahali pote huko niliweza kuonyesha kadi yangu ya kazi na karatasi ya ruhusa ya njia, nikasema Kifaransa kidogo, nikapewa nafasi yangu. Baada ya Manono hakuna wa kuonyeshwa kadi. Mvua zilikuwa zimekatika lakini madaraja mawili yalikwisha kuondoka, nikavuka na baiskeli kichwani. Kwenye milima niliisukuma siku tatu. Siku ya tano nilikaa chini nikalia kwa sababu ya kisigino, na mwanamke mmoja aliyekuwa analima akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia mama yangu. Akaniuliza, "Na ulikuwa wapi?" Hakukusudia ubaya. Nikainuka nikaendelea.

Siku hiyo hiyo ndege ilipita juu. Nilijua ni Alhamisi. Niliitazama mpaka ikaingia nyuma ya mlima, nikatazama saa yangu kwa mazoea, nikahesabu: imebakiza dakika kumi na mbili. Nilitukana, Wivine, matusi ambayo sikujua ninayajua. Kisha nikaona aibu, maana ile saa ndiyo niliyoitumia kujivunia.

Nilifika jana asubuhi. Baba alikuwa kwenye mkeka. Sikumtambua. Mjomba Mukuka alikuwa amesimama mlangoni. Uso wangu hakuutazama. Alitazama tairi, akatazama mnyororo, akatazama visigino vyangu.

"Siku ngapi?" akauliza.

"Tisa, Mjomba."

"Miye nilipiga saba." Nilidhani anajivuna, kama ambavyo ningejivuna mimi. "Tisa ni ya muntu anakuya kwa mufu. Saba ni ya muntu anafikiri atakuta ndugu yake muzima. Andika saba."

Sikuelewa. Akaingia ndani, akabandua ile nakala ukutani taratibu kwa ncha ya kisu, akanipa, na uji wa muhogo uliokauka bado ukiwa nyuma yake. "Andika," akasema tena. Kisha akamwambia Yaya Germaine aweke maji motoni.

Wamemwogesha Baba saa sita. Mjomba alimmwagia maji mwenyewe, akampaka unga kichwani na mabegani, akamnyoa. Baba alinipa mkono. Alikuwa amekonda hivi kwamba pete ilizunguka kidoleni. Yaya Germaine hajasema na mimi bado, lakini aliniwekea chakula, na kwenye sahani aliweka nyama.

Kaburini nilikwenda peke yangu. Lile neno alilokuwa nalo Mama hatutalijua. Mjomba anasema amelitafuta kichwani mwake kila siku tangu Machi. Wakati mwingine anadhani lilikuwa kubwa, wakati mwingine anadhani lilikuwa salamu tu. Hilo nitaishi nalo, na sitaki mtu aniambie kwamba litapungua.

Ndani ya bahasha hii kuna barua ya ofisi pamoja na ile nakala. Mpelekee Bwana Stassart mkononi. Usingoje jibu. Uza meza, uje na watoto.

Mumeo,
Alexis


Mitwaba, tarehe 11 Mei 1954

Bwana Stassart,

Katika jedwali la safari za kaskazini nililopiga mwezi wa Januari kuna kosa, na kosa ni langu. Ninakurudishia nakala iliyosahihishwa. Naomba usamehe hali yake, imekaa ukutani, na mende wamekula upande wa Élisabethville.

Mstari wa nne ulisema: Manono–Mitwaba, dakika arobaini na tano. Hiyo ni kweli kwa Wazungu, kwa barua, kwa chupa na kwa mbwa. Kwa watu wengine wote nimeandika: siku saba. Kwa Mutale, dada wa yule mtu wa tatu, Mukuka, sikuandika kitu. Safari aliyoingoja haikufika.

Zile dakika nimezikata kwa mstari mmoja. Sikuwa na rula, kwa hiyo mstari haukunyooka. Kazini sirudi.

Kando ya mstari nimetia herufi zangu, ili ijulikane ni nani aliyekata.

A.K.